Gari Likichemsha, Simama: Tafakari juu ya Gasketi, Hesabu na Ukweli



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunawaalika kutafakari jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa gereji, yaani kuungua kwa gasketi ya silinda hedi katika gari la zamani. Pengine wapo watakaouliza padre anatafuta nini kwenye injini. Jibu letu ni jepesi. Hapa Kolandoto, kilomita chache kutoka mjini Shinyanga, pale barabara ya Mwanza inapoachana na ile ya Kishapu na Lalago, maisha yetu yamo ndani ya magari ya zamani. Mgonjwa anayeletwa hospitali, mama anayepeleka mpunga sokoni, mwanafunzi anayerudi shuleni, marehemu anayesindikizwa kijijini kwao, na hata padre anayekwenda kigangoni, wote hao hupanda Noah, Hiace au Hilux iliyokwisha kutumika miaka mingi mikononi mwa wengine. Injini moja ikifa, anayeumia si mwenye gari peke yake.

Tunachotaka kusema ni hiki: gasketi yenyewe si kitu cha gharama kubwa. Kinachoua injini ni zile kilomita chache zinazoendeshwa baada ya mshale wa joto kupanda. Na kilomita hizo, kwa jinsi tunavyoona, aghalabu haziendeshwi kwa sababu dereva hajui. Zinaendeshwa kwa sababu dereva anaogopa. Kwa hiyo tiba ya ugonjwa huu huanzia katika mapatano kati ya mwenye gari na dereva wake, hata kabla ya fundi kushika spana.

Kwanza yafaa tuelewe kitu chenyewe. Injini ina sehemu kuu mbili zilizobanwa pamoja kwa boliti. Chini ipo bloku, yenye silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu ipo hedi, yenye valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi. Katikati yake hukaa gasketi, bamba jembamba lenye matundu. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto unaolipuka ndani ya silinda, maji yanayopoza injini, na oili inayolainisha vyuma. Siku bamba hilo linapoungua au kupasuka, vitu hivyo huanza kuingiliana. Maji huingia kwenye silinda, moto husukuma hewa kwenye rejeta, na oili huchanganyika na maji.

Tuchukue mfano wa Noah zile za kwanza zilizoanza kutengenezwa mwaka 1996, ambazo barabara zetu zinazifahamu vizuri. Nyingi zina injini ya petroli iitwayo 3S, ya lita 2. Bloku yake ni ya chuma, na hedi yake ni ya alumini. Sasa, alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kila asubuhi injini inapowashwa na kila jioni inapopoa, hedi na bloku hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na gasketi iliyo katikati hubeba tofauti hiyo. Joto likiwa la kawaida, huivumilia kwa miaka mingi. Joto likizidi mno, hedi hupinda, gasketi hukosa mbano, na moto hupata upenyo.

Hivyo gasketi haifi hivi hivi. Kwa kawaida kuna kilichoiua. Inaweza kuwa mpira wa rejeta uliochakaa na kuvujisha maji pole pole. Inaweza kuwa rejeta iliyoziba kwa chumvichumvi za maji ya kisima, au iliyojaa vumbi na nyasi kwa nje, hata upepo usipite. Inaweza kuwa feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka, au thamostati iliyogoma kufunguka. Wakati mwingine ni kifuniko cha rejeta tu. Shinyanga ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji ya sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, badala ya 100. Kifuniko kizima cha rejeta hubana mvuke na kuyafanya maji yavuke nyuzi 100 bila kuchemka. Spiringi yake ikilegea, maji huchemka mapema, hutoka, na injini hubaki na kiu. Kitu kinachofunikwa na kiganja cha mkono kinaweza kuangusha injini nzima.

Dalili nazo haziji kwa siri kama wengi wanavyodai. Maji hupungua kila asubuhi ilhali hapaonekani tone chini ya gari. Moshi mweupe mzito hutoka kwenye ekzosi hata baada ya injini kupata joto. Mapovu huonekana kwenye rejeta injini ikiunguruma. Chini ya kifuniko cha oili hujitokeza utando mweupe kama uji wa maziwa. Gari hukohoa asubuhi likiwashwa, kisha hutulia. Mipira ya rejeta hukakamaa kabla injini haijapata joto. Dalili moja peke yake yaweza kuwa na maelezo mengine, lakini zikija mbili au tatu kwa pamoja, gari linakuwa limekwisha kusema.

Basi mshale ukipanda njiani, yafaa tufanye nini? Pungueni mwendo, zimeni kiyoyozi, washeni hita kwa nguvu yake yote ingawa jua linawaka, kwa kuwa hita nayo ni rejeta ndogo inayotoa joto kwenye injini. Tafuteni mahali salama pa kusimama, na hapo zimeni injini. Msifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyobanwa humo yana joto lililozidi la kuchemka, na yakifunguliwa hulipuka usoni na mikononi mwa mfunguaji. Ngojeni angalau nusu saa, na zaidi, hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza. Wala msimimine maji baridi kwenye injini iliyowaka moto, maana chuma cha moto kikikutana na maji baridi hupasuka, na hedi iliyopasuka ni msiba mwingine kabisa. Tena mjihadhari na mshale unaoshuka ghafla wenyewe. Maji yakiisha kabisa, kipima joto hubaki hewani na huweza kuonyesha ubaridi huku injini inaungua.

Hayo yote madereva wetu wanayajua, tena wengi wanayajua kuliko sisi. Kwa nini basi hawasimami?

Tusikilize mazungumzo ambayo kila aliyepanda gari la abiria katika mkoa wetu ameyasikia. Dereva anapiga simu: "Tajiri, gari imechemsha." Upande wa pili unajibu: "Ongeza maji, jikongoje nayo mpaka mjini. Na hesabu yangu jioni naitaka." Basi. Sentensi hizo mbili zimeua injini nyingi kuliko vumbi lote la barabara ya Lalago. Dereva anajua kwamba hesabu ya siku haina msamaha. Asipoipeleka leo, kesho atadaiwa ya siku mbili, na keshokutwa funguo zitakuwa mkononi mwa mwingine. Anao watoto wanaongoja unga. Anawatazama abiria waliokwisha kulipa nauli, anautazama mshale, kisha anachagua kuendelea. Hatuwezi kumwita mjinga mtu anayehesabu vizuri hivyo. Kwa upande wake hesabu imekamilika: gari likifa ni la tajiri, kazi ikiisha ni yake.

Hapo ndipo ilipo kasoro. Tumempa mtu mmoja uwezo wa kuokoa injini, na tumemwekea adhabu akiutumia. Mwenye gari anadhani kwa kudai hesabu bila kusikiliza analinda mali yake, kumbe anainunulia kaburi. Kazi ambayo ingeishia kwenye mpira wa rejeta inageuka kuwa gasketi; ile ambayo ingeishia kwenye gasketi inageuka kuwa hedi iliyopasuka, na mwishoni injini nzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ukuta hungoja miezi; wa injini hungoja dakika.

Wapo wenye magari watakaotujibu kwamba madereva nao ni waongo: atasema gari limechemka ilhali amelaza gari kijiweni na fedha ametia mfukoni. Hatukatai kwamba wapo wa namna hiyo. Lakini uongo wa aina hiyo unapimika. Injini iliyochemka hubaki na moto kwa muda mrefu, rejeta hupungua maji, na fundi yeyote mwaminifu anaweza kuthibitisha ndani ya saa moja. Siku hizi hata picha ya mshale hutumwa kwa simu. Kupoteza hesabu ya siku moja kwa dereva mwongo ni hasara inayojulikana kiasi chake. Kupoteza injini kwa sababu dereva mkweli hakuthubutu kusema ni hasara isiyojulikana mwisho wake, tena yaweza kuwakuta abiria usiku, njiani, wakiwa na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma.

Tuje sasa gereji. Gari limevutwa, na fundi amesema gasketi imeungua. Hapa tunakutana na njia za mkato, ambazo zinapendwa kwa sababu ni rahisi leo. Ya kwanza ni dawa ya chupa inayomiminwa kwenye rejeta ili izibe upenyo. Inaweza kukufikisha mahali, lakini haiondoi kilichounguza gasketi, na huweza kuziba vijia vyembamba vya rejeta na hita. Ya pili ni kung'oa thamostati na kuitupa, kwa imani kwamba maji yatapita kwa wingi na injini itapoa. Thamostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na imewekwa ili injini ipate joto linalofaa. Katika baadhi ya injini, thamostati hiyo hiyo ndiyo huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, maji ya moto huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na joto huongezeka badala ya kupungua. Ya tatu ni kufungua hedi, kuisugua kwa msasa, kuweka gasketi mpya na kuifunga siku hiyo hiyo.

Hii ya tatu ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu inafanana na kazi halisi. Hedi iliyochemka yapasa kupimwa kwa rula iliyonyooka. Katika injini kama ile ya 3S, mpindo unaokubalika ni milimita 0.05 tu, yaani chini ya unene wa unywele. Hakuna jicho linaloweza kuona kiasi hicho, na hakuna mkono wenye msasa unaoweza kukisawazisha, inahitajika mashine. Yapasa pia hedi ipimwe kama imepasuka, kwa kuibana na kuitia hewa ndani ya maji au kwa dawa ya rangi inayoonyesha ufa. Kisha boliti zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa hatua, zikianzia katikati kuelekea pembeni, kama kitabu cha injini hiyo kinavyoelekeza, na zile zilizovutika zibadilishwe. Juu ya yote, kilichosababisha joto kitafutwe na kuondolewa. Fundi anayebadilisha gasketi na kuiacha rejeta iliyoziba amepanga tarehe ya mteja kurudi.

Fundi naye yapasa atendewe haki. Mara nyingi anayelazimisha njia ya mkato ni mteja anayesema, "Fundi, funga tu, nina safari kesho." Anayetaka kazi ya siku tatu ifanyike kwa siku moja, kwa nusu ya malipo, asishangae akipata nusu ya kazi.

Lakini je, kila gari la zamani linastahili kutengenezwa? Hapana. Ikiwa lilisimamishwa mapema, hedi haijapasuka, oili haijakaa na maji kwa muda mrefu, na bodi bado ina nguvu, tunaona kwamba kulitengeneza ni busara kuliko kukopa kununua lingine ambalo historia yake haijulikani. Ikiwa limeendeshwa likichemka hadi likazima lenyewe, hesabu hubadilika. Huenda pistoni zimekwaruza silinda, na gasketi mpya itakuwa kiraka kipya kwenye nguo iliyooza. Hapo mwenye gari achague kati ya injini nyingine iliyotumika na kuliuza gari kama lilivyo.

Tunasisitiza: kama lilivyo. Maana kuna desturi inayotusikitisha, ya kuuza ugonjwa kwa mtu asiyejua. Gari linamiminiwa dawa, oili inabadilishwa, injini inawashwa na kupashwa joto kabla mnunuzi hajafika ili asione moshi wa asubuhi, kisha anaambiwa, "Hii haina tatizo, ni kuwasha na kuondoka." Mnunuzi ni kijana aliyekusanya fedha za pamba misimu kadhaa, au aliyerudi kutoka machimbo ya Geita akitaka kuanza maisha mapya ya udereva. Juma la pili gari linamwacha njiani, na mtaji wake umekwisha.

Swali hili si geni katika mapokeo yetu. Katika karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake Summa Theologiae, alijadili kama muuzaji anawajibika kutaja kasoro ya kitu anachouza. Yeye alitolea mifano farasi anayechechemea, nyumba inayokaribia kuanguka na chakula kilichoharibika. Jibu lake lilikuwa wazi: kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, ni lazima isemwe, asiyeisema ametenda udanganyifu na anawajibika kufidia. Kasoro inayoonekana kwa macho, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima itangazwe, mradi bei imepunguzwa kwa haki. Tukiileta hoja hiyo barabarani kwetu, mlango uliobonyea ni jicho moja la farasi. Kila mtu anauona. Gasketi iliyoungua ni ugonjwa wa ndani. Anayeuza gari la namna hiyo aseme, ashushe bei, na amwache mnunuzi aamue akiwa na macho yote mawili.

Na wewe unayenunua, jilinde pia. Dai kulikuta gari likiwa la baridi, asubuhi, kabla halijawashwa. Fungua kifuniko cha rejeta na cha oili ukiwa na fundi wako mwenyewe. Muuzaji akikataa hilo, amekwisha kukujibu.

Tunamaliza kwa pendekezo moja tunalotamani liingie katika kila mapatano ya gari la biashara kuanzia hapa hadi Maganzo, Kishapu na Kahama: siku gari linapochemka na dereva akasimama, hesabu ya siku hiyo isidaiwe. Iandikwe kwenye karatasi, wote wawili watie sahihi. Dereva kwa upande wake akubali kukagua maji na oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kupiga simu mara tu mshale unapopanda, si baada ya kufika mjini. Mwenye gari ahakikishe mshale wenyewe unafanya kazi, maana kumdai dereva atazame kipimo kilichokufa ni dhuluma. Abiria nao wakubali kushuka na kungoja bila matusi. Nusu saa chini ya mti haijamwua mtu.

Kanuni hiyo haiwezi kuishia kwa wafanyabiashara. Magari ya parokia, ya shule na ya vikundi vyetu yamenunuliwa kwa michango ya watu wanaouza kuku na debe la mahindi ili mchango utimie. Dereva wa gari la namna hiyo asisukumwe na haraka ya mkubwa yeyote, hata kama ni padre anayesubiriwa kigangoni. Ikiwa gari limechemka njiani, katekista ataongoza Ibada ya Neno na waamini hawatakosa kusali Dominika yao. Injini ikiungua kwa ajili ya kuwahi siku moja, watakosa huduma kwa miezi.

Katika lugha yetu ya siku hizi, mtu aliyeshindwa huambiwa "amechemsha", na wenzake humcheka. Labda ndiyo sababu wengi wetu tunaona aibu kusimama na kufungua boneti mbele za watu. Tunawasihi muione aibu hiyo kuwa ndogo. Gari lililosimama kando ya barabara, boneti wazi, dereva ameketi kivulini akingoja lipoe, si gari lililoshindwa. Kesho litakuwa barabarani tena.